Gharama ya Kudai Haki: Tangu Mahakama ya Balozi Unguja Hata Maduka ya Kamunyonge

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo ni la kweli, lakini limeacha upande mmoja. Iko pia mali yenye daftari, yenye mashahidi na sahihi, nayo hupotea vile vile, na habari zake mtaa mzima unazijua. Hupotea kwa kuwa kuidai ni ghali kuliko kuiacha. Mwenye mali akipiga hesabu ya nauli, ada, siku za kufunga duka na maneno ya kwenda na kurudi, huona heri anyamaze. Akinyamaza, yule aliyemdhulumu hujifunza jambo moja tu, kwamba dhulma ndogo ndogo hazina bei.

Chukua mfano wa hapa Kamunyonge, mtaa wa mji wa Musoma, kando ya Ziwa la Viktoria. Tuseme muuza dagaa ameuza gunia, na mnunuzi amelipa kwa simu. Ujumbe umeingia, gunia limepakiwa, mnunuzi kaenda zake. Saa moja baadaye mnunuzi anawapigia wenye mtandao na kuwaambia kwamba fedha ile aliituma kwa makosa. Fedha inazuiwa. Sasa muuzaji ndiye wa kuthibitisha: apige simu, asubiri, aende ofisini na kitambulisho, arudi kesho kwa kuwa leo mhusika hayupo. Ada iliyoandikwa ukutani pengine hapana hata senti moja. Lakini amefunga duka siku mbili, na dagaa alizobakiza zimepigwa na mvua. Ukimuuliza kuthibitisha haki yake kumemgharimu nini, atakwambia faida yote ya gunia lile na ya gunia jingine.

Jambo hili watu hulisema kama balaa iliyoletwa na simu. Sivyo. Simu imelichukua kutoka kwa waliotangulia, na historia yake ni ndefu, nayo imepita katika miji yetu ya pwani kabla haijafika ziwani. Nataka tuifuate.

Tuanze na sheria yetu wenyewe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, haikushuka juu ya sala wala saumu. Imeshuka juu ya deni. Mwenyezi Mungu ameamrisha deni la muda liandikwe, aandike katibu mwadilifu, asimamiwe na mashahidi, na hata kama deni ni dogo watu wasichoke kuliandika. Kisha, na hapa wasomaji wengi hupita mbio, amekataza katibu na shahidi wasitiwe madhara. Maana yake ni kwamba kulinda haki kuna kazi, na kazi ina watu, na watu hao wana nafsi na wakati wao. Gharama basi ilijulikana tangu mwanzo. Swali ni nani aibebe.

Katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim imepokewa habari ya Kaab bin Malik, aliyemdai Ibn Abi Hadrad ndani ya msikiti wa Madina. Sauti zao zikapanda hata Mtume (S.A.W.) akazisikia naye yumo nyumbani kwake. Akafunua pazia, akamwita Kaab, akamwashiria kwa mkono apunguze nusu ya deni. Kaab akakubali papo hapo. Basi Mtume akamwamuru yule mwingine asimame alipe. Shauri lilianza na kwisha katika kikao kimoja, bila karani, bila ada, bila kesho. Tusijidanganye, lakini: Kaab alipoteza nusu. Sulhu nayo ina bei, na aghalabu mwia ndiye anayeilipa. Tofauti ni kwamba Kaab alikubali mwenyewe, alijua kiasi anachoachilia, na nusu iliyobaki aliipata siku ile ile. Mfanyabiashara wa leo huachilia nusu bila kuombwa, na nusu ya pili haioni.

Mafakihi hawakuiacha habari hii hewani. Walisema riziki ya kadhi itoke Baitul Mali, ili asiwatazame wagomvi mikononi. Katika vitabu vya madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya watu wa pwani yetu walio wengi, wamefika hata kwenye bei ya karatasi: karatasi ya kuandikia shauri inunuliwe na Baitul Mali, na kama hakuna kitu humo, basi ainunue anayetaka iandikwe. Mtu wa leo anaweza kucheka kuona wanavyuoni wanajadili karatasi. Mimi sicheki. Walijua kwamba mlango wa haki unaweza kufungwa kwa kitu chepesi kama karatasi, ikiwa maskini hana cha kuinunulia.

Sasa tuje Unguja. Tangu Sayyid Said bin Sultan ahamishie makao yake huko, katika miaka ya 1830 na 1840, mji ule uliishi kwa mkopo. Mfanyabiashara wa bara hakuondoka na mali yake. Aliondoka na nguo, shanga, masango na bunduki za matajiri, wengi wao Wahindi, akaenda Tabora, Ujiji na Manyema, na miaka miwili au mitatu baadaye akarudi na pembe. Akifa njiani, au akikawia, tajiri alikuwa na waraka tu mkononi. Nyaraka hizo ziliandikwa kwa Kiarabu na makatibu na makadhi, na nyingi zilikuwa za bei ya khiyari: mtu "humuuzia" tajiri nyumba au shamba lake, akiwa na khiyari ya kulirudisha, na wakati huo huo hukaa humo akilipa kodi. Kila mtu alijua kodi ile ni kivuli cha nini. Sitaingia huko leo, maana ni mlango wa makala nyingine, na si wa makala fupi.

Mgogoro ukizuka, mtu alikwenda kwa kadhi, au barazani kwa Sultani mwenyewe. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alikuwa akikaa barazani kusikiliza mashitaka ya watu. Lakini kando ya mlango huo ulifunguka mlango wa pili. Wahindi wa Unguja walihesabiwa kuwa raia wa Mwingereza, na mashauri yao yakawa yanasikilizwa na Balozi wa Kiingereza. Mji mmoja ukawa na mahakama zaidi ya moja, na mwenye kudai akawa na hiari ya kuchagua mlango wenye faida kwake. Asiyejua Kiingereza, asiyejua taratibu za huko, huyo alikuwa ameshindwa nusu kabla hajafungua kinywa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni shauri la Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule anayejulikana kwa jina la Tippu Tip. Mwaka 1887, mwezi wa Februari, Henry Morton Stanley alifika Unguja akienda kumwokoa Emin Pasha. Akafanya mkataba na Tippu Tip: awe wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na atoe wapagazi wapatao 600. Wakapanda meli pamoja, wakaizunguka Afrika kwa kusini hadi mlango wa mto Kongo. Yaliyofuata yalikuwa ya machungu. Wapagazi walichelewa, wakaja pungufu. Kundi la Stanley lililoachwa nyuma Yambuya likafa kwa njaa na maradhi, na kiongozi wake, Meja Barttelot, akapigwa risasi mwezi wa Julai 1888. Stanley alisema Tippu Tip amevunja mkataba. Tippu Tip alisema baruti aliyoahidiwa hakuletewa.

Stanley alifika Bagamoyo Desemba 1889, na alipovuka Unguja akapata habari kwamba Jaffar, mtoto wa Taria Topan, tajiri mkubwa wa Kihindi, anashika zaidi ya pauni 10,000 za Tippu Tip, thamani ya pembe alizoiuzia Dola ya Kongo. Jaffar ni raia wa Mwingereza, basi fedha iko chini ya mkono wa mahakama ya Balozi. Stanley akafungua shauri humo, akataka fedha ile izuiwe. Mwenye fedha yuko Stanley Falls, bara kabisa, miezi mingi ya safari, hajui hata kwamba ameshitakiwa.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi mambo yalivyo. Hakimu hajahukumu lolote. Hakuna aliyethibitisha kwamba Tippu Tip anadaiwa. Lakini mali yake imefungwa, na ili ifunguliwe lazima aje mwenyewe. Mwaka 1890 akaiacha kazi yake mikononi mwa jamaa zake, akashika njia ya pwani. Maradhi yakamshika njiani, asifike Unguja ila Julai 1891. Na alipofika, shauri likaachwa lisiendelee, bila ya hukumu juu yake. Alishinda, kama tukitaka kusema hivyo. Lakini hakurudi tena Manyema. Vita vya Wabelgiji vikazuka nyuma yake mwaka 1892, mtoto wake Sefu akauawa mwaka uliofuata, na yale aliyoyajenga huko yakaisha. Yeye alikaa Unguja hata alipofariki mwaka 1905.

Simtaji mtu huyu awe kigezo cha wema. Pembe zake zilibebwa na mabega ya watu waliotekwa, na yatima wa Manyema wana dai lao kwake ambalo halikufunguliwa katika mahakama yoyote ya Unguja. Mlango wa Balozi haukuwa wao. Hilo nalo ni gharama ya kudai haki, gharama iliyo juu kuliko zote: kutokuwa na mlango kabisa. Namtaja kwa sababu alikuwa miongoni mwa watu wenye nguvu kabisa katika bara hili zama zake, naye kujibu dai moja tu kulimchukua zaidi ya mwaka, afya yake na milki yake. Ikiwa simba ametiwa jeraha namna hiyo, itakuwaje kwa sungura?

Baada ya Unguja kuwa chini ya himaya ya Mwingereza mwaka 1890, mahakama zilipangwa upya mara kadhaa, na madai ya biashara yakaondoka polepole mikononi mwa makadhi, wakabakiwa na ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Gharama haikupungua. Mashamba ya mikarafuu yalikuwa yamefungwa kwa madeni, na mwenye shamba aliposhindwa kulipa, shamba lilinadiwa. Mwaka 1934 serikali ilitoa sheria za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie kwa wakopeshaji. Wakopeshaji wakapiga kelele kwamba haki zao zimefutwa, na mwaka 1937 wafanyabiashara wa India wakaigomea karafuu ya Unguja, mpaka mapatano yalipofanyika mwaka 1938. Pande zote mbili zilikuwa na haki na zote mbili zilikuwa na dhulma ndani yake, na mkulima aliyeokolewa na sheria ile alikuta mwaka uliofuata hapati wa kumkopesha hata fedha ya wachumaji.

Huku ziwani mambo yalikwenda vingine. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, meli zikaanza kuzunguka ziwa, na maduka ya Wahindi yakafuata bandari moja baada ya nyingine. Wajerumani walikuwa na kituo chao Shirati, kaskazini ya Musoma, na mkuu wa kituo ndiye aliyekuwa akisikiliza mashauri. Wajerumani waliipenda sana kalima hiyo ya "shauri", hata wakaiingiza katika lugha yao. Alipokuja Mwingereza baada ya vita, katika miaka ya 1920 na tena mwaka 1931, akaweka sheria ya kuzuia mkopo kwa wenyeji: tajiri aliyemkopesha Mwafrika bidhaa bila idhini ya serikali hakuweza kwenda mahakamani kudai. Walisema ni kumlinda mwenyeji asizame katika madeni. Labda. Lakini fikiri matokeo yake. Dai lisilo na mlango wa mahakama halina thamani, na mwenye akili hatoi mali kwa dai lisilo na thamani. Basi Mwafrika wa Musoma aliyetaka kufungua kiduka alitakiwa fedha taslimu, wakati mwenzake Mhindi alichukua bidhaa leo akalipa baada ya miezi. Tajiri aliyekopesha hata hivyo alipandisha bei, ili wale wanaolipa wabebe mzigo wa wasiolipa. Hiyo ndiyo tabia ya gharama ya kudai: ukiifukuza mlangoni huingia kwa dirisha la bei.

Uhuru ulipokuja, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliziunganisha mahakama za bara, na za makadhi na maliwali wa pwani zikaisha. Mahakama ya Mwanzo ikawa karibu na mwananchi, lugha yake Kiswahili, na kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa humo, ili maskini asishindwe na ulimi wa kukodiwa. Ilikuwa fikra njema. Na inanikumbusha hadithi ya Ummu Salama, ambamo Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha wagomvi kwamba huenda mmoja wao akawa fasaha kuliko mwenzake, akahukumiwa kwa aliyoyasikia, naye akawa anakatiwa kipande cha moto.

Sasa tumefika kwenye zama za simu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, na Tanzania mwaka 2008. Mitandao mingine ikafuata. Faida yake haikanushiki. Muuza samaki hahitaji tena kusafiri na furushi la noti chomboni. Mwaka 2015 ikapitishwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, chini ya Benki Kuu. Watu walilalamikia sana tozo ya miamala iliyoanza tarehe 15 Julai 2021, na kelele zile zilisikika: ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwaka ule ule, na baadaye ikazidi kupunguzwa. Lakini tozo ile iliandikwa, kila mtu aliiona katika ujumbe wake. Gharama ya mgogoro haiandikwi popote. Kwa hiyo hakuna anayeipigia kelele.

Wenzetu wenye kadi za benki wameiandika, na inafaa tuitazame, maana hoteli na maduka ya watalii ya Unguja na Mombasa yamo ndani yake. Marekani mwaka 1974 ilipitisha sheria ya kumpa mwenye kadi haki ya kukataa malipo asiyoyatambua. Nia yake ilikuwa kumlinda mnyonge. Leo mteja akilikataa lipo, fedha hung'olewa kwa mfanyabiashara kwanza, maswali baadaye, na kampuni nyingi humtoza juu yake ada, mara nyingi dola 15 mpaka 25 kwa kila mgogoro, na aghalabu ada hiyo hairudi hata akishinda. Mtu aliyeuza kitu cha dola 20 anaweza kupoteza kitu, fedha na dola 15 zaidi. Hapo mwongo hahitaji kushinda shauri, kulifungua kunatosha. Stanley aliijua hila hii kabla ya kadi kubuniwa.

Msinielewe vibaya. Mnunuzi naye hudhulumiwa. Yuko aliyekosea namba kweli, akatuma ada ya mtoto kwa mtu asiyemjua, na mtu yule akaitoa fedha kwa wakala dakika ile ile na kuzima simu. Huyo asingekuwa na njia ya kuzuia muamala, angelia peke yake. Kuzuia si dhulma. Dhulma ni kwamba anayedai kwa uongo hatoi chochote, akishindwa hapotezi chochote, na mkweli hurudishiwa fedha yake tu, bila siku zake mbili.

Hapa wanavyuoni wametuachia neno ambalo sioni likitajwa sokoni. Mtume (S.A.W.) amesema kwamba mwenye uwezo kuchelewesha kulipa ni dhulma. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, akajenga juu yake kwamba mwenye uwezo akikawiza mpaka mwia akalazimika kwenda kushitaki, basi kile alichotumia mwia kwa njia ya kawaida kiwe juu ya yule aliyekawiza. Yeye si wa madhehebu yetu, najua, na wako watakaonikumbusha. Lakini fikra hii sioni inapopingana na ya wale waliojadili bei ya karatasi. Wao walitafuta nani alipe wakati hatujui nani mkweli. Yeye alisema nani alipe tukishajua. Mahakama zetu nazo huweza kumwamuru aliyeshindwa alipe gharama za mwenzake, lakini shauri la gunia moja halifiki mahakamani, na ofisi ya mtandao haimwamuru mtu kulipa nauli.

Basi wafanyabiashara wa mtaa hawana la kungoja. Soko lina viongozi wake, mtaa una wazee wake, na msikiti una imamu wake. Kikao cha watu watatu baada ya sala ya alasiri hakina ada. Wakikubaliana mbele yao kwamba atakayezuia malipo kwa uongo atarudisha fedha pamoja na nauli na siku ya kazi ya mwenzake, neno hilo litamfikia kila mnunuzi kabla hajafungua simu yake. Na gunia lisipande chomboni mpaka jina lililokuja katika ujumbe limesomwa kwa sauti, limelinganishwa na mtu aliyesimama pale, na limeandikwa daftarini pamoja na saa, kiasi, na majina ya wawili walioona.

Wallahu aalam.